Siku Mama Mkwe Aliponitolea Ulimi Kituo cha Nne

Mama mkwe wangu alinitolea ulimi mbele ya profesa, na mimi ndiye niliyeomba autoe.

Nisikilize kwanza kabla hujanihukumu.

Naitwa Remigius, daktari, mkazi wa Kibaoni hapa Ifakara. Mwaka jana nilikuwa nahangaika na mtihani wa kuvuka kwenda kwenye ubingwa wa upasuaji. Huo mtihani uusikie tu kwa jirani.

Una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kuandika, maswali ya kuchagua jibu. Humo wanakuuliza mwili mzima: mishipa inapita wapi, damu ikimwagika unaanza na nini, aliyeungua moto unampa maji kiasi gani, henia, mifupa, utumbo uliojisokota. Hiyo nilishapita, bila chenga.

Kinachoua watu ni sehemu ya pili. Wanaiita vituo.

Kila kituo kina watahini wawili na mgonjwa, mara nyingi mgonjwa wa kweli mwenye ugonjwa wake. Kengele inalia, unaingia. Unanawa mikono, unajitambulisha, unaomba ruhusa, unampima, unasema ugonjwa. Kengele inalia tena, unatoka hata kama neno liko mdomoni.

Mara ya kwanza nilifelia hapo. Nilimpa mzee mmoja shikamoo, akaitikia, akaniuliza kwetu ni wapi, akaanza kunisimulia viboko walivyomaliza mpunga wake kule Mlimba. Mimi nimelelewa, simkatizi mtu mzima. Kengele ikalia tukiwa bado shambani.

Hospitali iliyokuwa inanisomesha ikaniambia wazi: ukifeli tena, nafasi anapewa mwingine, wewe unarudi kituo cha afya kuandika rufaa. Niliogopa, sifichi. Henia ninayoweza kuishona mwenyewe, niwe naiandikia barua mpaka nistaafu.

Mke wangu Fausta akageuza uani kuwa chumba cha mtihani. Kengele ilikuwa mwiko na mfuniko wa sufuria. Mgonjwa alikuwa Dionisi, jirani yetu wa bodaboda, ambaye ujira wake ulikuwa sahani ya wali.

"Tumbo linauma wapi, kaka?"

"Lote, daktari. Hasa nikiona hiyo sahani inapoa."

Fausta anagonga mfuniko. "Muda umekwisha. Mgonjwa amekufa. Haya, tuanze upya."

Sasa kuna jambo lazima ulijue.

Kwao Fausta, Malinyi, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana mpaka basi. Hamshikani mikono. Hamtazamani usoni. Hamsemeshani. Ukiwa na neno unampa mtu wa tatu alifikishe, hata kama mmekaa chumba kimoja. Mama mkwe wangu, Mama Yosefina, akija kwetu, mimi macho yako chini.

Tangu nioe, yule mama namjua kwa miguu.

Mwaka huo mtihani ukaletwa Ifakara. Asubuhi nikavaa koti jeupe, Fausta akanifunga vifungo huku anatabasamu peke yake. Nilidhani ni mapenzi.

Vituo vya mwanzo vikateremka vizuri. Henia, kidonda cha mguu, jamaa anayeigiza kuwa ameanguka na pikipiki. Shikamoo fupi, mikono safi, jibu mezani. Nikaanza kujiona bingwa kabisa.

Kengele ya kituo cha nne, cha mwisho, ikalia. Nikaingia, nikanawa. Kwenye kiti ameketi mwanamke mtu mzima, na mimi kwa mazoea yangu nikaanza kumtazama kuanzia chini.

Nikaiona ile miguu.

Kidole kidogo cha kushoto kilichompanda mwenzake. Viatu vya plastiki vya zambarau nilivyonunua mwenyewe Krismasi.

Nikaishiwa pozi.

"Mpime mgonjwa shingo," akasema mtahini mkuu, Profesa Abdulkarim, bila kuinua kichwa.

"Profesa, huyu ni mama mkwe wangu."

Mtahini wa pili, mama mmoja mpole aliyekuwa anaandika, akasimamisha kalamu.

"Hatuna mgonjwa mwingine wa shingo," akasema Profesa. "Umewahi kumpima?"

"Hata kumtazama sijawahi."

"Basi uko sawa na wenzako. Endelea."

"Kumgusa siwezi, Profesa."

"Alama za mikono utazikosa."

"Nitazikosa."

Nikapandisha macho polepole hadi shingoni, nikayafunga breki hapo. Kulikuwa na uvimbe katikati, juu juu, ukubwa wa ndimu. Nikasikia uchungu wa kweli. Uvimbe ule umekuja kwangu sikukuu zote, na mimi daktari niko chini nahesabu vidole vya miguu.

"Shikamoo, mama," nikauambia ukuta.

Mama akamgeukia Profesa. "Mwambie marahaba."

Profesa akatutazama kwa zamu. Akavua miwani. "Marahaba," akasema.

"Naomba umwulize, uvimbe una muda gani?"

"Mwambie tangu Fausta hajazaliwa."

"Unauma?"

"Mwambie hauumi."

Profesa mzima akageuka mshenga. Nikamtuma amwombe mama ameze maji. Akameza, uvimbe ukapanda na kushuka. Hapo kila mtu anakimbilia kusema goita, ile tezi ya shingo iliyovimba, kwa sababu nayo hupanda ukimeza. Lakini uvimbe huu ulikaa katikati mno na juu mno. Kipimo kilichobaki kilikuwa kimoja tu.

"Profesa, naomba umwambie mama... atoe ulimi."

Mama akaivuta khanga yake mabegani.

"Mwambie huyo kijana," mama akasema taratibu, "mimi nimezaa watoto saba, na hata baba yao sijawahi kumtolea ulimi."

Yule mtahini wa pili akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Muda ulikuwa unakwenda. Nikafikiria kusema goita, nishukuru, nile kona. Lakini kwa mgonjwa mwingine yeyote ningeuomba huo ulimi, na nikaona haya kumpima mama yangu nusu nusu.

"Mwambie mama ajifunike uso kwa khanga. Abakize shingo peke yake. Hakuna atakayeuona ulimi."

Mama akawaza. Halafu khanga ikapanda, uso ukapotea.

"Waambie natoa," sauti ikatoka ndani ya khanga. "Mmoja tu."

Ulimi ukatoka humo humo gizani, na uvimbe ukaruka juu kama ndoo inayovutwa kisimani.

"Hii si goita," nikasema. "Tezi ya shingo huanzia kwenye shina la ulimi na kushuka mtoto akiwa bado tumboni. Njia iliyopita haikuziba, ikajaa maji. Ndiyo maana ulimi ukitoka, uvimbe unavutwa."

Kengele.

Nje nikamkuta Clinton, mtahiniwa mwenzangu kutoka Morogoro mjini, anacheka na wenzake.

"Kituo cha nne mteremko," akasema. "Goita ya wazi. Yule bibi ni malaika."

"Wote mmesema goita?"

"Wewe umesema nini?"

Nikajua kimeumana. Wote upande mmoja, mimi peke yangu upande wa pili, na alama za mikono sina. Nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani, bodaboda wananiita sisikii.

Fausta alikuwa mlangoni, meno nje. "Umepita, si ndiyo?"

"Mama yako alikuwa mgonjwa wangu."

"Najua. Nilimpeleka mimi. Walitangaza kanisani wanatafuta wenye uvimbe. Nikamfundisha kabisa, mkweo akiingia, mnong'oneze tu: goita."

Nikakaa chini. "Fausta, mimi na mama yako tangu lini tunasemeshana?"

Tabasamu likamtoka pole pole. Wiki nzima kapanga mchongo wake, heshima ya kwao mwenyewe kaisahau.

Mama alikuwa chumba cha pili. Akaongea na pazia. "Mwambie mume wako, mimi mkwe sikuweza kumsemesha. Ila nikaona neno nimeshalibeba, lisipotee bure. Nikawapa wale vijana wengine. Nao ni watoto wa watu."

"Wote, mama?" Fausta akauliza.

"Kila aliyenishika shingo vizuri."

Usiku huo sikula. Fausta naye hakula, na Dionisi akala sahani zote mbili.

Majibu yakatoka. Nimepita.

Siku ya kuchukua cheti nilikutana na Profesa Abdulkarim kwenye korido. Akanivuta pembeni.

"Wenzako walinishangaza," akasema. "Goita, goita, goita, utadhani wanaitikia sala. Akishameza maji wanasema goita, hawaangalii tena. Wewe peke yako ndiye uliyeomba ulimi. Hivi nani aliwaambia goita?"

"Sijui, Profesa," nikasema, na macho yangu yakaenda chini, yalikozoea.

Clinton anarudia mwaka huu. Nimempelekea vitabu vyangu vyote, lakini kisa hiki sijathubutu kumsimulia. Leo atakisoma hapa kama ninyi.

Mama alifanyiwa upasuaji mwezi uliofuata, akapona vizuri. Nilijitolea kushika kisu mwenyewe. Akamtuma Fausta aniambie akate yeyote, ila mimi nisikanyage chumba hicho, maana shingo nimeshaiona na inatosha.

Mimi nimejifunza hivi, wewe uchukue kinachokufaa. Siku ukiona wenzako wote wananong'onezwa jibu na wewe unanyimwa, usinune mapema. Pengine ni wewe peke yako unayeheshimiwa.