Tembo wa Mezani

Mwanamke anayepokea wageni pale mlangoni mwa hifadhi huongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyelaza mtoto chumba cha pili. Mikono yake minene haitulii. Mbele yake ipo meza yenye mfano wa hifadhi nzima, vilima vya plasta na mto wa rangi ya buluu, na juu yake wanyama wadogo wa mbao. Kila askari wa doria anapomwita kwa simu ya upepo kumweleza tembo walipo, yeye huwasogeza wale wa mbao kwa ncha za vidole, kisha huwapuliza vumbi litoke mgongoni.

Mama yangu alikuja kuwaona tembo, lakini mgongo ulimkatalia ile barabara ya mashimo. Tukamwacha kwenye benchi amenuna.

“Mama, utakaa hapo kama mzigo uliosahauliwa?” yule mwanamke alimwuliza. “Njoo unisaidie kuchunga.”

Tulirudi jioni, mimi, mke wangu na watoto, hatujaona hata mkia. Mama alikuwa ameinamia ile meza, hakututazama.

“Nyinyi mlipita nyuma ya kilima, tembo walikuwa mbele yake,” alisema. “Macho mnayo ya nini?”

Nikamwambia twende, geti linafungwa. Alikuwa ameshika tembo mdogo kuliko wote.

“Subiri. Huyu mtoto hajavuka mto.”

Yule mwanamke alikuwa ameshavaa koti, mkoba begani. Akavuta kiti, akaketi karibu na mama, akaongeza sauti ya simu ya upepo.