Viatu Mlangoni kwa Bi Bürkle

Kijijini kwetu Oberwiesling, huku Ujerumani, mtu anaweza kumkosea meya, padri na hata mkewe, akasamehewa. Lakini aliyeingia na viatu vya nje katika ukumbi wa Bi Gerlinde Bürkle hana msamaha. Kuna bwana harusi mmoja alithubutu mwaka 1998, na mpaka leo Bi Bürkle humwita "yule wa visigino".

Ukumbi ulijengwa 1971 kwa ajili ya kila kitu: mpira wa mikono Jumanne, bendi ya tarumbeta Alhamisi, maonyesho ya sungura Novemba, kanivali Februari. Ndiyo maana unanuka jasho, bia na sungura mwaka mzima. Bi Bürkle ameutunza miaka ishirini na tisa. Sakafu ya mbao huipiga nta mwenyewe, kwa magoti, na akiizungumzia utadhani ni binti yake aliyeolewa vizuri.

Mwaka jana meya, Bwana Schempp, akatangaza kwamba paa limechoka, ukumbi ubomolewe na ujengwe mwingine. Wanakijiji wakaitwa kupiga kura. Kasoro ikawa moja: hatuna mahali pengine pa kutosha watu mia tatu. Basi mkutano wa kumzika marehemu ukafanyika tumboni mwake.

Bi Bürkle alijua paa linavuja mahali saba. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, naye akatega chungu kikubwa cha maua chini ya kila tundu. Maji yaishie kwenye udongo, watu wasione kitu, ukumbi wake upone.

Mikutano yote hutandikiwa mazulia ya mpira ili watu waingie na viatu. Safari hii sakafu ilikuwa wazi, inang'aa.

"Mazulia yako wapi?" meya akauliza mlangoni.

"Hukuyaomba kwa maandishi. Vua."

"Gerlinde, mimi ni meya!"

"Na hizo ni buti, Bwana Schempp."

Tukakaa watu mia tatu na soksi zetu. Ya meya ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia kama kinaomba nafasi ya kuchangia. Mhandisi kutoka mjini, Bwana Ahlers, alisimama na soksi zenye picha za mti wa Krismasi kutueleza habari za kifo.

"Paa linavuja vibaya sana," alisema.

"Linavuja wapi?" akadakia Mzee Eugen, mwenyekiti wa wafuga sungura. "Mimi naona maua tu. Tena mwaka huu ukumbi umependeza!"

Makofi. Bi Bürkle, pale mlangoni, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu kanivali.

Meya akaomba wanaotaka ukumbi ubaki wanyooshe mikono. Ikawa msitu. Akaanza kuhesabu, uso umemshuka. Hapo ndipo tundu la nane lilipozaliwa. Tone moja likaanguka katikati ya ukumbi, penye mbao tupu. Hakuna aliyelisikia. Bi Bürkle angevumilia dakika mbili tu, angeshinda.

Likaanguka la pili.

"Sakafu!"

Alipita mbele ya meya akiteleza kwa magoti, kitambaa mkononi, akaanza kufuta. Watu mia tatu wakatazama juu. Kisha wakatazama vyungu. Mzee Eugen akainamisha kimoja, maji yakamlowesha soksi.

"Gerlinde! Kumbe unatufuga majini kama samaki!"

"Usimwage hapo, wewe mzee!"

Mikono ikashuka, mmoja mmoja. Bi Bürkle alibaki amepiga magoti. "Huo mpya," akamwuliza mhandisi, "utakuwa na sakafu gani?"

"Plastiki ya kisasa, mama. Mtu anaingia na viatu vyovyote."

Ukumbi mzima ulimtazama kana kwamba ametukana bibi zetu. Meya anawajua watu wake. Akasema haraka, "Tutang'oa hii, ubao kwa ubao, tuihamishie huko."

"Na viatu?"

"Mlangoni."

"Andika."

Meya akachuchumaa akaandika nyuma ya karatasi ya ajenda. Bi Bürkle akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani. Halafu akanyoosha mkono wenye kitambaa kilicholowa: kura ya kwanza ya kubomoa. Na sisi tukafuata.

Bwana Ahlers, kwa furaha, akakaa penye kizingiti kuvaa viatu.

"Nje!" akasema Bi Bürkle.

"Lakini mvua, mama..."

"Nje."

Akaenda kuvivalia mvuani.