Maharage Yaliyoungwa

Juzi nilisoma ubaoni kwenye mgahawa mmoja pale Mbinga: "Wali, maharage ya kuunga." Nikacheka peke yangu hadi mhudumu akanisogelea kwa wasiwasi.

Utotoni kijijini Maguu, Kiswahili changu kilikuwa cha darasani, na maharage niliyachukia. Nyumbani yalichemshwa na chumvi, basi. Ya shuleni yalitoka shamba la ujamaa pamoja na wadudu wake. Mchana mmoja mama alinituma kwa mke wa bwana shamba, mgeni kutoka Tanga, akanionya nisithubutu kukataa chakula cha watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa ule, mwanangu. Nazi huku hakuna, maharage nimeyaunga kwa karanga."

Nikashtuka. Mtu pekee niliyejua ameungwa ni baba mdogo, aliyevunjika mguu akiezeka ghala la kijiji, akaungwa mfupa hospitali, na kovu akatuonyesha kila Jumapili baada ya misa. Sasa haya maharage nani aliyavunja?

Jiko zima lilinukia kitunguu. Nikachukua harage moja, nikaligeuza, sikuona kovu. Nikaliweka ulimini nilipapase vizuri, likayeyuka. Nikapima la pili, la tatu, kisha kijiko kizima kizima, uchunguzi ukazidi kunoga mpaka bakuli likabaki tupu.

"Mbona unachungulia bakuli, mwanangu?"

"Natafuta kiungo, mama. Sikioni."

"Utakionaje," akasema, "na umekimeza chote?"