Foleni Niliyoipanga kwa Heshima

Mgonjwa alipona, ndiyo maana nathubutu kusimulia.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta katika kituo kimoja cha utafiti hapa Ifakara. Laini yetu ya barua pepe ilikuwa moja, tena nyembamba, kwa hiyo niliipangia foleni mbili za barua, ya haraka na ya kawaida. Ya kawaida ilisubiri mpaka ya haraka iishe kabisa. Mkurugenzi nikamweka kwenye haraka bila kumwuliza. Wengine wote, kawaida. Nilijiona nina adabu kweli.

Masika yalipokata barabara, Sista Agata, muuguzi wa zahanati ya jirani, alikuja kwetu kutuma ombi Dar kwa barua pepe. Mkulima wa kijiji cha Namawala ameumwa na nyoka, dawa iletwe kwa ndege. Alituma saa nne. Saa nane akarudi.

"Mwanangu, mbona hawajibu?"

"Watu wa Dar wazembe, Sista," nikamwambia kwa uhakika.

Mkurugenzi alinisikia. Akaja, akataka kuiona foleni kwenye kompyuta. Mbele zilikuwa picha zake za harusi ya bintiye, nzito, zikijikokota tangu asubuhi. Ombi la Sista lilikuwa nyuma ya picha hizo, halijatoka.

"Nani aliamua picha zangu zitangulie?"

"Mimi, mzee. Kwa heshima."

Akazifuta zote mwenyewe, na ombi likaondoka papo hapo.

Sista hakunigombeza. Alinishika mkono tu.

"Mke wa mgonjwa amekaa hapo nje," alisema. "Twende ukamweleze."