Dole Gumba la Shemeji Kobelo

Asubuhi moja, kabla vita havijafika Morogoro, mwanamke wa Kihonda alikuja hospitalini, jino limemvimbisha shavu. Daktari wetu Mjerumani hakulitazama jino. Alitaka kwanza mume wa yule mama aje atie dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa. Mume alikuwa shambani, kwa hiyo mama akakaa barazani akiugulia mpaka alasiri. Mimi nilikuwa mfunga vidonda na mkalimani pale, nikatumwa kumweleza kwamba kanuni ndiyo heshima ya mgonjwa. Nikamweleza. Akanitazama kama anavyotazamwa mjinga aliyevaa viatu.

Tulimwita Bwana Kanuni. Alikuwa na kitabu chenye jalada jeusi, cha wajibu wa daktari mbele ya sheria, na kila Jumamosi tukimaliza kupiga deki alitusomea. Usimkate mtu bila ridhaa. Usimwache mgonjwa uliyekwisha kumpokea. Maneno mazuri kabisa. Naona aibu kusema nilimwamini, hata nikawa naiga anavyonawa mikono, kidole kimoja kimoja.

Katika kitabu kile, msemaji wa mtoto ni baba. Na kwa Bwana Kanuni, mwanamume mweusi asiyeoa alikuwa mtoto, hata awe na ndevu za kufika kifuani. Sisi Waluguru hatuko hivyo. Mtu ni wa ukoo wa mama yake, na neno juu ya mwili wake ni la mjomba. Baba hukaa pembeni, na akiulizwa husema aulizwe mjomba. Nilimweleza daktari jambo hilo mara nyingi. Alicheka akasema sheria haina mjomba.

Kisha vita vikaja, wakatakiwa wapagazi. Watu walikamatwa vijijini, wakapangwa mstari mbele ya boma, na daktari akaitwa athibitishe nani ana afya ya kubeba. Alipita na sigara yake mdomoni. Hakugusa kifua cha mtu.

"Mzima. Mzima. Mzima."

Mmoja alikuwa anatema damu. Naye mzima. Damasi, mtoto wa dada yangu kutoka Mlali, alikuwa mzima kweli, kijana ambaye hajaoa, wa kubeba gunia la mahindi bila kupumzika. Mimi nilisimama nyuma ya daktari nimeshika kidau cha wino. Siku ile hakutafutwa baba wala mjomba. Kubeba sanduku la risasi hakukuhitaji dole la mtu, na mimi mwenye neno langu la ukoo nilinyamaza kimya.

Damasi alirudishwa kwa machela miezi michache baadaye, ana risasi kwenye muundi. Waingereza walikuwa wanakaribia. Mizinga ilisikika upande wa Mlali, na moshi ulipanda kutoka stesheni, Wajerumani walikokuwa wanachoma walichoshindwa kubeba. Mguu ulikuwa umekuwa mweusi mpaka karibu na goti. Nilipofungua kitambaa, wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuza nyuso.

"Mjomba," Damasi aliniambia, "waambie waukate. Mimi siutaki tena."

Hiyo ndiyo ilikuwa ridhaa. Ilitoka kinywani mwa mwenye mguu.

Daktari alikuja, akatazama, akasema ukikatwa leo atapona, ukiachwa hadi kesho kutwa hatapona. Nyuma yake watu walikuwa wanafunga masanduku. Dawa ya usingizi ilikuwa juu ya meza, bado haijafungwa. Aliitazama ile dawa, akamtazama Damasi, kisha akatoa karatasi.

"Baba yake yuko wapi?"

Alikuwa hapo hapo nje. Kobelo, shemeji yangu, alikuwa ametembea kutoka Mlali akizungukia vichakani kukwepa askari. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Mkono wake mmoja tu ulikuwa umelowa maji.

"Wanasemaje, shemeji?"

"Anataka utie dole."

Alisimama. "Nitie?"

Alikuwa ananisubiri mimi. Neno moja lingetosha.

Nikasema, "Tangu lini, shemeji? Damasi ni wa ukoo wako? Miaka yote huyu bwana anatucheka. Leo atalipokea dole langu, atake asitake."

Aliinamisha kichwa. "Sawa, shemeji. Wewe ndiye mwenyewe."

Akakaa tena.

Nikarudi ndani, nikachovya dole langu kwenye wino na kuligandamiza kwenye karatasi mbele ya daktari. Alitabasamu. Wiki nzima sikuwa nimemwona akitabasamu.

"Umeharibu karatasi," alisema. "Baba yupo, na hakutia. Walezi hawakubaliani. Sheria inanikataza."

Akaandika mistari miwili, akatia sahihi, akafuta kalamu yake vizuri.

Kisha akaamuru dawa ya usingizi ifungwe.

Nilimshika mkono. Nilimwambia nitamwita baba sasa hivi. Askari akanisukuma kwa kitako cha bunduki, nikaanguka kati ya vitanda. Nilipoinuka, daktari alikuwa uani anakagua kamba za mizigo.

Waliondoka mchana ule kuelekea milimani. Sanduku la dawa lilikuwa kichwani mwa yule mpagazi aliyekuwa anatema damu. Kitabu cheusi kilikwenda pia, kimefungwa kwa ngozi kisilowe. Wagonjwa waliachwa, wote aliokuwa amewapokea. Nimeona jinsi vita vinavyowafanya watu kuwa waoga, na mwoga nitamsamehe. Lakini mtu yule hakukimbia. Aliondoka taratibu, karatasi yake mfukoni, akijiona hana kosa.

Waingereza walipoingia, daktari wao hakuuliza dole la yeyote. Alifunua shuka, akatikisa kichwa. Damasi alikufa kesho yake saa sita mchana, mkono wake katika mkono wa baba yake. Mimi nilikuwa nimekwenda kuteka maji.

Nimemdharau Bwana Kanuni muda mrefu, na dharau hiyo haijanichosha. Watu huniuliza kama angeukata kweli mguu iwapo Kobelo angetia dole. Nadhani angetafuta kisingizio kingine, wino mwepesi, au herufi iliyokaa vibaya. Dawa ile alikwisha kuwawekea wenzake. Lakini hayo ni ya kudhani tu. Sina hakika, kwa sababu kisingizio nilimpa mimi, tena kwa mkono wangu mwenyewe.

Kobelo hakuwahi kunilaumu. Mwaka jana tulikwenda pamoja Mlali kupalilia kaburi. Nikapata ujasiri wa kumwuliza kwa nini siku ile mkono wake mmoja ulikuwa umelowa. Aliendelea kung'oa majani.

"Nilimsikia daktari dirishani, shemeji, akiniulizia," alisema. "Nikaenda kunawa dole, nisiwachafulie karatasi. Nilikuwa nakungoja wewe tu."