Mti Mkali kwenye Meza ya Pasi

Watu walimwita Mkunjo, kwa sababu suruali iliyopita mikononi mwake ilitoka na mkunjo wa kukatia mkate. Kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Alipiga pasi ya mkaa kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, ua mmoja, bomba moja, na kila aliyekwenda kuchota maji ilibidi apite mbele ya meza yake. Ubaya wake ulikuwa puani. Alijiaminisha kwamba pua yake inasoma nguo. Joto likishapanda kutoka kwenye shati la mtu, yeye hufumba macho, halafu humgeukia fundi viatu aliyekaa pembeni yake na kusema, "Huyu jana hakulala kwake." Fundi viatu hucheka mpaka misumari imtoke mdomoni. Basi siku zilikwenda hivyo, wawili hao wakiwala nyama wateja walewale waliowalisha.

Mkewe alikuwa msusi. Alisukia uani, kwenye kigoda chini ya dirisha la chumba chao, na starehe yake ilikuwa moja tu: mafuta ya kunukia ya bei ya mkate, kichupa kidogo chenye kigololi mdomoni na karatasi iliyochorwa mti. Wanawake waliyaita Mti Mkali. Ukiyapaka asubuhi yanakuja na vita, pilipili manga na karafuu, jirani apige chafya. Yape muda. Ukali unashuka, inabaki harufu kavu ya mbao iliyorandwa sasa hivi, na mdalasini kwa mbali. Kufika jioni yamekwisha makeke, yananukia kama ndani ya sanduku la nguo la bibi, na mpaka usogee karibu sana ndipo uyasikie. Hapo nasema ngozini. Kwenye kitambaa kizito ni habari nyingine. Manukato ya wenye nazo yana adabu ya kuondoka. Haya yakiingia hayatoki. Yanalala tu. Kitambaa kikiwa baridi utanusa mpaka uchoke usipate kitu, lakini kipe maji na moto, yanaamka na pilipili yake yote.

Kila jioni, akimaliza vichwa vya watu, mke huyo alimsaidia mumewe kukunja nguo. Vifundo vya mikono yake, palepale anapopaka mafuta, vilisugua blanketi lililotandikwa kwenye meza ya pasi. Miaka ilipita hivyo. Blanketi likanywa, likashiba, na hakuna aliyelijali, kwa kuwa nguo nyingi za mtaa ule zilikuwa nailoni, zinazopigwa pasi kavu na ya uvuguvugu.

Kisha akaja mwalimu wa udereva na mashati yake meupe ya pamba nzito, yaliyokakamaa kwa wanga. Mashati ya namna hiyo yanataka maji mengi na pasi iliyoiva. Mkunjo alinyunyiza, akakandamiza, na Mti Mkali ukampanda puani.

Mtu mwenye akili zake angenusa meza. Yeye alinusa shati. Lilipopoa halikuwa na kitu, akasema moyoni, "Mjanja huyu, kalisuuza kabla hajaleta." Alipolirudia kwa pasi likanukia tena, akasema, "Lakini mimi si mtoto." Likinukia ni ushahidi, lisiponukia ni ushahidi. Wivu haukosi shahidi. Kuanzia hapo usiku alimpa mkewe mgongo, na mkewe alipouliza kulikoni, alijibiwa kwamba kichwa kinauma.

Angeweza kumwuliza chumbani. Hapana. Alisubiri Jumamosi, bombani kumejaa ndoo na kigodani kuna mteja aliyesukwa upande mmoja, akaenda na shati mkononi na kumtupia mkewe usoni.

"Nusa!"

Mkewe alinusa kwa moyo mweupe. "Linanuka wanga. Shati la nani hili?"

"Unaniuliza mimi? Jamani, mnasikia? Shati la mwanamume wa watu linanuka mafuta ya mke wangu, na mke wangu ananiuliza ni la nani!"

"Mume wangu, nusu ya mtaa huu wanapaka mafuta haya."

"Nusu ya mtaa huu hawalali kitandani kwangu."

Mtu mmoja alicheka. Kicheko hicho kilimmaliza Mkunjo, maana sasa alikuwa na watazamaji. Aliokota kichupa pembeni ya kigoda, akang'oa kigololi kwa meno, akammiminia mkewe kichwani mpaka tone la mwisho. "Haya, mfuate huyo huyo!" Mafuta yaliingia machoni. Mwanamke alikwenda bombani akipapasa kama kipofu, na waliokuwa wameshika ndoo walisogea kumpisha. Kumsaidia, hakuna. Aliyesukwa nusu aliuliza ni nani sasa atakayemmalizia kichwa chake.

Mke aliondoka siku ile ile kwenda kwa dada yake, na vitana vyake kwenye mfuko. Mwalimu wa udereva akatafuta dobi mwingine. Uani wakasema lisemwalo lipo.

Kisha zahanati ikamletea mashuka kwa mara ya kwanza, pamba nzito vile vile. Mkunjo akanyunyiza, akakandamiza, na ile harufu ikapanda. Akasimama na pasi hewani. Mashuka ya wagonjwa! Aliyaweka kando, akanyunyiza maji kwenye blanketi tupu na kuikandamiza pasi. Kwanza ilimpiga pilipili, kisha karafuu, mwisho ikaja mbao, taratibu, kama inavyokuja shingoni mwa mtu. Aliona aibu, na machozi yalimlenga. Aibu hiyo iliishi mpaka fundi viatu aliporudi kutoka kununua gundi.

"Vipi, pua imekwambia nini leo?"

"Nina mafua," akasema Mkunjo.

Alinunua blanketi jipya kwanza. Baada ya hapo ndipo akaenda kwa shemeji yake, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akamweleza mkewe yote. Mkewe alicheka, kicheko kibaya, mpaka dada mtu akaja mlangoni kuangalia kuna nini.

"Basi nenda ukaseme," mkewe akamwambia. "Mwenye saluni ananitaka, kiti kipo tayari. Ila kaniambia, safisha jina kwanza, wateja wangu wana waume. Bila kiti kile nitaendelea kula kwa dada yangu na kulala chini na watoto wake. Sema pale pale bombani, watu wakiwepo. Neno moja tu: nilikosea."

"Nikisema hivyo watanicheka."

"Mimi walinicheka na mafuta machoni."

"Wewe rudi nyumbani tu, mke wangu. Mimi nitawaambia nimekusamehe."

"Shemeji," dada mtu akasema, "toka ndani mwangu kabla sijachukua birika."

"Mwache," mkewe akasema. "Kurudi sirudi. Lakini utasema?"

"Nitasema," akajibu, na njiani alikuwa amekusudia kweli.

Jumamosi mwenye saluni akaja mwenyewe, gauni lake la kupigwa pasi mkononi. Bombani palikuwa na foleni. Hakuzunguka mbuyu.

"Bwana Mkunjo, mkeo nataka kumpa kiti. Mimi mtu namwuliza mwenyewe, sisikilizi ya barabarani. Yale maneno yalikuwa ya kweli?"

Ndoo zikatulia. Fundi viatu akaacha nyundo yake juu ya kisigino. Jibu lilikuwa fupi kuliko pumzi, na Mkunjo alilijua. Aliwatazama wale wa bombani, akamtazama rafiki yake ambaye tayari midomo ilimcheza kwa hamu ya kucheka. Akalitandaza gauni, akalinyunyizia maji polepole.

"Mama," akasema, "mimi nimeshamsamehe."

Mwanamke mmoja kwenye foleni akavuta pumzi, akamwambia mwenzake kwamba wanaume wenye moyo kama huu wamebaki wachache. Fundi viatu akampa mkono. Mwenye saluni alisema ameelewa, akasubiri gauni lake, akalipa. Jumatatu kile kiti kilikaliwa na msusi mwingine.