Ngazi ya Mama na Bakwe wa Monika

Wenzangu tuliokulia Nchelenge miaka ile ya sabini, mnaikumbuka ghorofa ya muzungu wa samaki? Sisi watoto tuliamini ndiyo nyumba pekee duniani iliyokaa juu ya nyumba nyingine. Milango yake ilikuwa mirefu, twiga angepita bila kuinama, ingawa twiga hatukuwa tumemuona.

Muzungu alisharudi kwao. Basi asubuhi moja habari ikalipuka sokoni: ghorofa inabomolewa saa sita, trekta iko njiani, mwenye kutaka kitu akajichukulie! Mama aliruka. Jumapili ile walikuwa wanakuja bakwe, wazee wa kijana aliyemtaka dada yangu Monika, na mulango wetu ulikuwa mukeka. Mukeka! Mama alikuwa ameapa: "Bakwe habatapita pa mukeka sawa kuku. Ntapata mulango, ao hii ndoa ikufe."

Tatizo, alitaka kwanza kuanua chisense zake, vile visamaki vidogo kama sindano. Tulipofika, muji mzima ulikuwa ndani kama siafu. Mutu huyu ana dirisha kichwani, yule amekumbatia mabati, mwingine anakimbia na bakuli la choo, anafikiri ni kiti cha mufalme! Milango kumi na moja, yote imekwenda. Ilibaki ngazi ya mbao tu, vipandio saba, iliyowashinda watu kwa uzito.

"Ng'oa hiyo," mama akamwambia baba.

"Mama Monika, nyumba yetu haina juu!"

"Ng'oa tu, tata Monika. Mikono mitupu sirudi."

Baba na wajomba wakang'oa misumari mirefu kama mkono wangu, trekta ikinguruma mlangoni. Sisi watoto tulisukuma kwa vichwa. Njia nzima ilikuwa kicheko: "Mama Monika, unapanda mbinguni bila siye?"

"Ntabatupia kamba!" akajibu. Lakini nyumbani alikaa chini, akajifuta macho na kitenge.

Jumapili bakwe wakafika, watu saba pamoja na kijana mwenyewe, na sisi tuna viti viwili. Mama akaangalia viti, akaangalia ngazi iliyoegemea ukuta wa jiko. Akaitandika kitenge kipya, akarudi nyuma, akapiga magoti mbali, kama adabu ya bakwe inavyotaka. "Bazee, kila mutu na nafasi yake."

Mimi hesabu nimejifunza ukubwani, darasa la usiku, lakini hii hata mutoto aliiona: vipandio saba, bakwe saba! Muzee mkubwa akapanda juu kabisa, wengine wakafuatana kwa umri, kijana wa Monika akakaa cha chini, magoti yakigusa kidevu. Muzee aliona ziwa lote mpaka Kongo. Akakataa kushuka, hata bukari, ule ugali wetu, alipandishiwa. "Tangu nazaliwa, habajanipokea hivi!" akapiga kelele. "Huyu binti ni wetu!"

Mukeka? Hakuna aliyeuangalia.

Siku hizi vijana wanakodi viti vya plastiki, vyote kimo kimoja, wote wameinamia simu, humjui muzee ni nani. Ile milango kumi na moja mchwa walishaimaliza. Ngazi ingali pale pale, Monika anaanikia chisense. Wajukuu wake wanamuuliza kila siku, "Nkambo, hii ngazi inaenda wapi?"

"Ilishafika," anawajibu, na anawaonyesha kwa kidole muzee wake, yule kijana wa Jumapili ile, aliyeketi kipandio kile kile cha chini.